Risasi Mpya, Bastola Kuukuu

Ninyi mnaobaki karakana mmeniomba niwaachie maandishi kabla sijapanda kwetu Matombo kupumzika. Nadhani mlitaka maneno matamu. Sinayo. Vyeo nilivyopewa havikunifundisha kitu, na mshahara mnaujua, kwa kuwa ni huohuo mnaopewa ninyi. Nitaandika habari za kazi yenyewe: nani alinifunza, mikono yangu ilishika nini, na lile jambo la bastola kumi na mbili za boma, ambalo baadhi yenu mmelisikia likisimuliwa kama kichekesho. Si kichekesho. Nina hasira nalo mpaka leo, na umri wa kuificha umenipita.

Mimi ni Kibwana bin Shomari. Niliingia boma la Morogoro wakati wa Mjerumani, reli ikiwa bado haijafika. Nilikuwa mtu mzima tayari, mwenye mke na shamba la migomba. Kule mlimani nilikuwa nikifua chuma na mjomba wangu, majembe na visu, na nilijiona fundi. Siku ya kwanza bomani nikapelekwa kwa mtu mmoja mfupi, mweusi tii, amekaa mbele ya meza yenye jiliwa, lile koleo kubwa la kubania kazi, kofia ya kitani kichwani. Huyo ndiye Fundi Almasi, Mmanyema aliyekulia Bagamoyo, fundi wa bunduki wa boma zima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unajua kufungua parafujo?"

Nikacheka. Akanipa bunduki kuukuu na bisibisi. Nikakaza mkono kama ninavyokaza koleo la mjomba, na kichwa cha parafujo kikaliwa kikawa laini kama kitako cha sufuria. Almasi hakukasirika. Aliniambia niketi nje, nitengeneze bisibisi ya kuingia kwenye parafujo ileile niliyoiharibu. Ilinichukua siku mbili. Nilipoimaliza, akasema, "Sasa umefungua parafujo ya kwanza." Bisibisi zangu zote tangu siku hiyo nilizitengeneza mwenyewe, kila moja kwa parafujo yake. Ninyi mna bisibisi moja mnayoitumia kwa kila kitu, hata kufungulia makopo ya maziwa. Nimeiona.

Kazi nyingi ilikuwa ya kuchosha, si ya kutisha. Kutu, mchanga, spring zilizokatika, vitako vya mbao vilivyoliwa na mchwa. Mzungu mmoja wa shamba la mpira alileta bastola akilalamika kwamba haifyatuki. Tulikuta nyigu wamejenga ndani ya mtutu. Mwingine alikuwa akipigilia misumari kwa kitako cha bastola yake, na risasi zimo ndani. Almasi aliirudisha, akamwekea na nyundo juu yake. Yule Mzungu akaichukua nyundo pia.

Bastola ndizo zilizonipendeza. Za boma zilikuwa za aina moja, nzito kama nyundo ya seremala, zimetengenezwa Ulaya miaka mingi kabla. Ndani zina duara la chuma lenye vyumba sita, kila chumba risasi yake. Ukifyatua, duara linazunguka na kuleta chumba kingine mbele ya mtutu. Maganda huyatoi kwa mara moja, unayasukuma mojamoja kwa kijiti cha chuma. Zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, ile yenye moshi mzito unaonuka kama yai bovu. Baruti hiyo inasukuma. Inakohoa, inachafua, inakujaza masizi mpaka puani, lakini inasukuma polepole, na chuma cha bastola zile kilifanyiwa hesabu ya msukumo huo tu.

Almasi alinifundisha kuzikagua, na nawaandikia kama alivyonitamkia. Kwanza tazama mwanga kati ya duara na mtutu. Kisha shika duara kwa vidole, kifyatulio kikiwa kimevutwa, ulitikise. Likicheza, ujue limechoka. Safisha kila chumba mpaka uone chuma kitupu, halafu paka mafuta, futa, subiri kidogo. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka humo yenyewe na kuuchora kama unywele. Ukimaliza hayo yote, bado hujui kitu mpaka uulize bastola hii ilizaliwa kula baruti gani. Na jibu haliko kwenye ukubwa wa chumba.

"Risasi ikiingia chumbani," alisema, "umepima upana. Nguvu hujaipima."

Maneno hayo niliyasikia pengine mara mia. Niliyaelewa. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kujitetea.

Reli ilipofika, mambo yakaja kwa haraka. Mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani kutoka pwani, ikipumzika Mikese, sasa ilishuka kwenye behewa asubuhi na kufika bomani kabla ya adhuhuri. Msimamizi wa ghala la silaha wakati huo alikuwa sajini mmoja wa Kijerumani. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita Bwana Ghala, kwa sababu funguo zilikuwa kiunoni mwake hata akienda chooni. Si mtu aliyepiga kelele. Alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa upole, halafu akasema lilelile alilosema mwanzo.

Siku ya Jumatatu moja, likafika sanduku la risasi mpya za bastola. Zile za zamani zilikuwa zimekwisha, na askari walipaswa kupiga shabaha wiki hiyo. Bwana Ghala aliziweka mezani kwetu, akachukua bastola, akatia moja chumbani. Ikaingia sawasawa. Akazungusha duara. Likazunguka.

"Inaingia," akasema, amefurahi. "Zipigeni muhuri zote."

Muhuri ulikuwa herufi ndogo tuliyoigonga kwenye kitako, maana yake fundi amekagua na bastola ni salama kwa risasi za ghalani.

Almasi alichukua risasi moja, akaing'oa kichwa kwa koleo, akamimina baruti kwenye karatasi. Haikuwa nyeusi. Ilikuwa vipande vidogo bapa, rangi ya majivu. Akaisogeza mbele ya Bwana Ghala.

"Bwana, hii ni ile isiyo na moshi. Nguvu yake inakuja yote kwa mara moja. Bastola hizi ni za baruti nyeusi."

"Bunduki mpya zinatumia isiyo na moshi."

"Bunduki mpya zimefanywa kwa hiyo. Hizi ni kuukuu. Nipe ruhusa nipige moja hapa, uone."

Bwana Ghala akatikisa kichwa kwa upole, akatoka. Tukaipiga bila ruhusa. Almasi aliibana bastola kwenye jiliwa nyuma ya karakana, akafunga kamba kwenye kifyatulio, tukajificha nyuma ya ukuta wa mawe. Kwanza risasi ya zamani, kati ya mbili tatu tulizokuwa tumebakiza kwenye kopo. Mlio mnene, moshi, ganda likatoka kwa kusukumwa na kidole. Kisha risasi mpya. Mlio ule ulikuwa mkali, mfupi, kama ubao mkavu unaovunjwa. Ganda likagoma. Nililigonga kwa kijiti na nyundo mpaka likatoka, limevimba kiunoni, na fataki yake chini, ile inayogongwa ili baruti iwake, imelala bapa kama sarafu. Almasi akalitikisa duara. Asubuhi halikuwa likicheza. Sasa lilicheza.

Tukampelekea Bwana Ghala lile ganda. Almasi akamweleza kila kitu, pole pole, kama anavyomweleza mwanafunzi. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho.

"Inaingia," akasema. "Piga muhuri."

"Sipigi."

Sikuwahi kusikia mtu mweusi akilitamka neno hilo mbele ya Mzungu bomani. Almasi hakulisema kwa ukali. Alivua aproni yake ya ngozi, akaikunja, akaiweka juu ya jiliwa. Bwana Ghala akamwambia asirudi tena. Kisha akanigeukia mimi.

Nimesema sitaandika habari za vyeo. Hiki nakiandika kwa kuwa ni aibu. Bwana Ghala alinionyesha kile kiti cha Almasi, akasema, "Kibwana, sasa fundi ni wewe." Nilikaa. Kiti kilikuwa bado na joto. Nikachukua muhuri na nyundo, nikagonga bastola kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na Almasi alikuwa bado mlangoni anafunga kiatu chake. Aliponyanyuka hakunitukana. Alisema tu, "Paka mafuta tupa zangu, zisiote kutu," akaenda. Alirudi Bagamoyo, na sikumwona tena.

Niliogopa kiboko, ni kweli. Lakini msinipe udhuru huo peke yake. Nilikitaka kile kiti pia.

Sasa niwaambie habari za Sefu. Sefu alikuwa ombasha, askari mwenye kikosi kidogo chini yake, Mnyamwezi mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alioa Mlali na alikuwa na shamba huko. Kwa kuwa yeye Mnyamwezi na mimi mtu wa huku, tulikuwa watani, na hapakuwa na siku aliyonipita mlangoni bila kunichokoza.

"Mluguru! Umeshuka mlimani lini? Naona bado unatembea umeinama, unadhani kuna mteremko!"

"Na wewe umemtupa wapi mzigo wa pembe? Au leo umepumzika kichwa?"

Alikuwa akileta kiporo cha ugali na mlenda aliofungiwa na mkewe, tukala pamoja karakana mchana. Wiki ile alikula nami Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Bastola yake ilikuwa moja kati ya zile kumi na mbili. Jumatano aliiweka mezani, karibu kabisa na sahani, akaniuliza, "Mtani, hizi risasi mpya wanasema hazina moshi. Kweli?"

"Kweli," nikamjibu.

"Afadhali. Macho yangu yatapumzika."

Nikaendelea kula. Nilikuwa nimejiambia kwamba pengine chuma kitastahimili, wapige risasi sita kila mtu, basi, baadaye nitatafuta namna. Nimeyarudia mawazo hayo miaka mingi nikitafuta palipo na akili ndani yake. Hapana.

Alhamisi asubuhi wakapelekwa uwanja wa shabaha, kule Kihonda, ambako siku hizo kulikuwa na nyasi na miiba tu. Nilipelekwa na kisanduku changu cha zana. Askari kumi na wawili wakasimama mstari, mkono mmoja mbele. Risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna moshi. Bwana Ghala alisimama nyuma amefurahi, akiandika. Nami nikaanza kuvuta pumzi.

Ya nne, mlio mmoja ulikuwa tofauti na mingine. Niliutambua kabla sijageuza shingo. Sefu alikuwa bado amesimama, mkono mbele vilevile, lakini duara la bastola halikuwa zima tena, nusu yake ya juu imeruka pamoja na upapi wa chuma ulio juu yake. Halafu akaketi chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa karibu kiti. Dole gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda, na jicho la kulia lilikuwa shimo la damu.

"Mtani," alisema, "nishikie hii."

Alikuwa ananipa kile kitako. Kilikuwa na muhuri wangu.

Daktari wa boma alimwokoa uhai. Siku ya pili Bwana Ghala akaandika taarifa, na karani wetu akanisomea kwa Kiswahili: askari hakusafisha mtutu, mchanga uliingia, bastola ikapasuka. Sefu, aliyekuwa akifuta bastola yake mpaka tukamcheka! Nikauchukua mtutu uliobaki, nikautia kitambaa cheupe mbele ya karani. Kikatoka na masizi kidogo ya risasi tatu. Hapakuwa na chembe ya mchanga. Mtutu wenye mchanga hupasuka wenyewe, huvimba kama nyoka aliyemeza panya. Huu ulikuwa mzima. Kilichopasuka ni chumba, pale pale baruti inapowaka.

Nikaenda kwa Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa boma. Nilibeba mtutu, vipande vya duara na lile ganda la Jumatatu. Nilisema yote, hata ya muhuri wangu. Alivigusa vile vyuma kwa ncha ya kalamu.

"Nani alikuruhusu kuchukua mali ya serikali?" akauliza.

Hilo tu. Bastola kumi na moja zilizobaki, akasema, zitaendelea na kazi. Shabaha nyingine Jumatatu.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Mpaka saa ile nilikuwa na huzuni na woga. Nilipotoka kwenye kibaraza kile, ndipo hasira ilipoingia, na haijatoka. Si hasira kwa mtu aliyekosea. Watu hukosea. Ni hasira kwa watu walioonyeshwa kosa, wakalitazama, wakaliona, kisha wakaona kwamba kidole cha Sefu ni rahisi kuliko kuandika barua.

Jumamosi nilifungua karakana mapema. Bastola zote kumi na moja nililetewa nizisafishe. Kwenye nyundo ya bastola, mnajua, kuna pua ndogo ya chuma inayogonga fataki. Bila pua hiyo, nyundo inapiga hewa. Nikabana ya kwanza kwenye jiliwa, nikachukua tupa ya Almasi ile laini, nikaikata pua mpaka ikawa sawa na uso wa nyundo. Kisha ya pili. Siku nzima tupa ililia, mlango wazi, askari wanapita, Bwana Ghala mwenyewe aliingia mara mbili kuchukua mafuta. Hakuna aliyeuliza. Fundi anayepiga tupa ni fundi anayefanya kazi. Niliikata ya kumi na moja jua likiwa bado juu, nikafagia vumbi la chuma, nikapaka tupa mafuta.

Jumatatu wakasimama mstari kumi na moja. Amri ikatoka. Ta! Kumi na moja, ta, kama watu wanaopasua kunguni. Wakavuta tena. Ta! Askari mmoja akaanza kucheka, akanyamaza haraka. Hiki ndicho kichekesho mlichosimuliwa.

Bwana Ghala akaja mpaka nilipokaa.

"Nani?"

"Mimi, bwana."

"Kwa nini?"

"Risasi bado zinaingia, bwana. Sikuona kipimo kingine."

Nilipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya boma, siku hiyohiyo. Sitaeleza kiboko kinavyouma, waliopigwa wanajua. Nitasema tu kwamba nilihesabu zote, kumi na moja nikazihesabia zile pua nilizokata, na nilipofika ya kumi na mbili nilifikiri kwamba hii ni ya muhuri wa kwanza.

Bastola hazikuweza kutengenezwa Morogoro, kwa maana fundi wa Morogoro alikuwa amelala kifudifudi. Zikafungwa sandukuni, zikapelekwa Dar es Salaam kuwekewa nyundo mpya. Huko, fundi mkuu wa bunduki, Mjerumani mtu mzima, alizipaka mafuta vyumbani, kama Almasi alivyotufundisha, akaona nyufa kwenye nne. Karani alinisomea barua yake. Aliagiza risasi zile zisitiwe tena kwenye bastola za aina hiyo mahali popote, na akauliza ni mpumbavu gani aliyezipiga muhuri. Swali zuri. Hakuna aliyemjibu, na mimi sikuulizwa.

Baada ya siku kumi nilirudishwa kazini, kwa sababu hawakuwa na mwingine. Bwana Ghala alihamishwa, nasikia akapewa ghala kubwa zaidi. Taarifa ya mchanga haikufutwa. Sefu aliachishwa kazi kwa uzembe, amebaki na jicho moja na vidole vitatu mkono wa kulia.

Nilipoweza kutembea vizuri, nikaenda Mlali. Nilimkuta shambani, mvua za kwanza zimenyesha, anajaribu kushika jembe kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia anauegemeza tu. Mkewe aliitikia salamu yangu, akaingia ndani.

"Nimekuja kuomba radhi," nikasema.

Aliendelea kulima kidogo.

"Wanasema umepigwa kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya wale kumi na mmoja."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Tulijaribu moja na Fundi Almasi."

Akasimama. Alitazama chini kwa lile jicho moja, na nilijua anahesabu, kwa kuwa midomo yake ilikuwa ikienda.

"Jumatatu tulikula," akasema. "Jumanne tulikula. Jumatano nikakuuliza."

"Ndiyo."

"Ukanijibu kweli."

Hakunipigia kelele. Nilitamani anipigie. Alilitupa jembe miguuni kwangu, akaenda kuketi kwenye gogo, akanigeuzia mgongo. Nikaliokota, nikalima mpaka jua lilipoelekea milimani. Hakuna aliyenikaribisha chakula.

Msimu uliofuata nilikwenda tena, na uliofuata huo. Ninyi mlikuwa mkiniuliza kwa nini kila mwaka naomba ruhusa mvua zikianza. Nilikuwa nalima Mlali. Vita vikaja, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia, na mimi mwezi huo nipo Mlali. Sefu hunisalimu kama anavyomsalimu mpita njia. Utani hajaurudia.

Mwaka huu nilikwenda wiki iliyopita, baada ya kuwaaga ninyi. Mgongo wangu si ule wa zamani. Nilifika nusu ya shamba nikasimama kupumua. Sefu alikuwa amekaa pembeni na mjukuu mgongoni, akaitazama kazi yangu, akaita kwa sauti ileile ya ng'ombe:

"Matuta yako yamepinda."

Nikatazama nyuma. Kweli yalikuwa yamepinda. Nikarudi mwanzo wa shamba, nikaanza upya.